Maswali ya wasomaji: paka shume, mtego na sikio lililokatwa ncha

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kusini mwa Tanzania, na zote zinamzungumzia paka shume: paka asiye na mwenyewe, aliyezaliwa nje, asiyekubali kuguswa. Wasomaji wanataka kuwapunguza bila kuwaua, kwa kuwatega, kuwahasi, kuwachanja na kuwarudisha pale pale walipotolewa.

Salaam. Sisi ni akina mama wauza samaki hapa Feri, Mtwara. Mwaka jana tulichanga, daktari akatuhasia madume sita. Sasa vitoto ni vingi kuliko mwanzo na wenzetu wanasema pesa imeliwa. Paka wote kwa makisio ni thelathini. Tulikosea wapi?
*Kikundi cha akina mama, Feri*

Pesa haikuliwa, mama zetu, ila ilianzia upande usio wake. Dume mmoja aliyebaki anawatosha majike wote wa soko, na mkiwamaliza wote atakuja wa mtaa wa pili kwa kufuata harufu. Hesabu ya paka iko tumboni mwa majike. Mimba ni siku 63 hadi 65, uzao mmoja vitoto vitatu hadi vitano, na mama anaweza kushika mimba nyingine wakati ule wa kwanza bado unanyonya. Binti yake naye hushika akiwa na miezi minne au mitano, umri ambao wengi tunamwona bado mtoto wa kuchezea. Tena huku kwetu hakuna msimu wa kupumzika. Jike huamshwa na urefu wa mchana. Nchi za baridi mchana hufupika sana na uzazi husimama kwa miezi kadhaa, lakini Mtwara tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi kabisa wa mwaka ni saa moja na dakika chache tu. Paka haoni sababu ya kuacha.

Sita kati ya thelathini ni asilimia 20. Idadi haianzi kushuka mpaka angalau saba katika kila kumi wawe wamehasiwa, yaani kwenu 21, na majike wawe wote ikiwezekana. Na ifanyike kwa mfululizo, wiki mbili au tatu. Mkihasi watano leo na watano baada ya miezi mitatu, uzao mzima umeshapita katikati. Ndiyo maana ni afadhali kumaliza Feri peke yake kuliko kugawa pesa ile ile kwa Feri, Shangani na Chikongola.

Anzeni na daftari, si na mtego. Siku saba mfululizo mtu mmoja ahesabu alfajiri vyombo vinapoingia na jioni mnapofagia. Kila paka aandikwe: rangi, mkia, kovu, na picha ya simu. Kuna msaada mmoja wa bure: paka mwenye madoa ya rangi tatu, nyeusi, nyeupe na ya chungwa, karibu siku zote ni jike. Wa rangi ya chungwa tupu, wengi wao ni madume.

Kisha wazoesheni kula kwa saa. Mtu mmoja, mahali pamoja, saa ile ile, siku kumi hadi kumi na nne, na sahani iondolewe baada ya nusu saa. Hapa ndipo Feri panapokuwa pagumu kuliko mitaa mingine, maana chambo chenu kinashindana na soko zima. Matumbo na vichwa vya samaki viwekwe kwenye ndoo zenye mifuniko, vinginevyo paka anapita mbele ya mtego akiwa ameshiba. Halafu tazameni mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, vyombo vingi hubaki ufukweni na mabaki hupungua. Siku za kutega ziangukie mwezi 12 hadi 17 kwa hesabu ya mwezi mwandamo, paka wana njaa na nyinyi wenyewe mna nafasi.

Jambo la mwisho, daktari apatikane kwanza. Asubuhi ya operesheni lazima ajue ni paka wangapi na majike ni wangapi, kwa sababu jike huchukua muda mara kadhaa kuliko dume. Paka anayesubiri siku mbili ndani ya mtego hujiumiza pua na kucha, na lawama itakuwa yenu. Operesheni ya kufungua tumbo ni ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Mwombeni awaonyeshe usajili, wala si utovu wa adabu.

Mitego ya dukani hatuipati hapa Mikindani. Nina mashine ya kuchomelea na ninaweza kusoma vipimo. Nipeni.
*Fundi, Mikindani*

Urefu sentimita 90, upana 30, kimo 35. Ukifupisha chini ya 75 mlango utamwangukia paka mgongoni kabla hajaingia mzima, na paka aliyeponyoka hivyo hutamwona tena karibu na chuma.

Fremu iwe nondo ya milimita 6. Kuta na sakafu ziwe wavu wa kuchomelewa wenye matundu ya inchi moja. Wavu wa kuku usiutumie, huupasua. Matundu ya inchi mbili nayo ni hatari: paka anapenyeza mdomo, anasukuma mpaka unachubuka, na wewe ukibeba mtego anakufikia mkono. Pembe zote pigia tupa, hasa kwa ndani.

Mlango wa kuteleza kwenye njia zake unaonekana rahisi, lakini chumvi ya bahari huushika baada ya mwezi mmoja ukabaki umening'inia nusu. Bora mlango wa bawaba unaoanguka kwa ndani kwa mshazari, kwa uzito wake, na juu yake kipande cha nondo kinachoteremka chenyewe na kuwa komeo. Bila komeo, paka atauinua kwa kichwa. Kibao cha kukanyaga kiwe cha bati, kianzie sentimita 55 kutoka mlangoni na kiishie 75, kikiunganishwa kwa waya na pini inayoshikilia mlango. Sentimita 15 zilizobaki nyuma ni za chambo. Kwa mpango huo paka akikanyaga kibao kwa miguu ya mbele, kiuno kimeshavuka mlango.

Nyuma weka mlango wa pili, wa kuinua juu, unaofungwa kwa pini. Huo ndio wa kumtolea, na wa kumhamishia kwenye mtego mwingine bila kumgusa. Mpini wa juu uwe na kipande cha bati chini yake, kikinge vidole vyako. Ukipaka rangi, acha mtego juani wiki nzima mpaka harufu iishe. Kwenye bawaba tumia mafuta ya kula kidogo badala ya oili chafu.

Jaribu hivi: chukua chupa ya maji ya nusu lita, iweke taratibu kwenye ukingo wa kibao. Mlango uanguke. Ikihitaji lita nzima, mtoto wa miezi mitatu atakula na kuondoka zake. Ukianguka kwa kutikiswa na upepo wa kusi, pini ni nyepesi mno. Baada ya hapo, kabla ya kufunga mlango wa nyuma, ingiza mkono usukume ule wa mbele kwa nguvu ukiwa ndani. Ukifunguka, rudi kwenye komeo.

Kwetu Magomeni, Mtwara, tumewapata kumi na moja, amebaki jike mmoja mweusi mwenye doa jeupe kifuani. Anakaa hatua tatu kutoka mtegoni anatutazama tu. Nasi tunajua ndiye mzazi mkubwa.
*Kijana wa mtaa, Magomeni*

Amewaona wenzake wakifungiwa na anajua sauti ya mlango. Kuongeza samaki hakutasaidia. Huyo ana wasiwasi, njaa si tatizo lake.

Fungeni mlango ukae wazi kwa waya, usiweze kuanguka hata kibao kikikanyagwa. Mfunike mtego kwa gunia pande tatu, sakafuni tandazeni gazeti lifiche wavu na kibao. Siku ya kwanza chakula kiwe mdomoni mwa mtego. Kila siku kisogezeni ndani kwa upana wa kiganja. Siku ya tano hadi ya saba atakuwa anakula mwisho kabisa, amelegea. Hapo ndipo mnaondoa waya.

Kama bado anaruka kibao, na wapo wanaojifunza kuruka, acheni kibao na mtegeeni kwa mkono. Chupa ya nusu lita iliyojaa maji isimamishwe iinue mlango, shingoni ifungwe kamba ya mita kumi, na mtu akae mbali upande wa nyuma ya mtego asiyeonekana. Paka akishazama kichwa kwenye chambo, kamba inavutwa. Njia hii ina faida nyingine kubwa: unachagua. Akiingia dume mwenye sikio lililokatwa, yaani aliyekwisha kuhasiwa, unamwacha ale, unamsubiri huyo mweusi.

Kuhusu chambo, kibua wa kuchoma au dagaa wa kukaanga, kwa sababu harufu yake inasafiri. Kijiko kimoja cha chai kinatosha, pamoja na vipande vidogo kama punje vitatu au vinne vya kumwongoza kutoka mlangoni. Mkiweka sahani nzima atakula ashibe kabla ya nusu kaputi, na chakula kikirudi kooni akiwa amelala kinaingia mapafuni. Saa 24 kabla ya kutega, mtaa mzima usiwape chakula, maji wapewe. Na mwambieni yule bibi anayewarushia mabaki dirishani. Kila mtaa una bibi huyo, na kazi hii haiendi bila yeye. Mkimpa jukumu la daftari atakuwa msaada mkubwa kuliko nyote.

Shikamoo daktari. Paka akitoka kwenye operesheni alale wapi na kwa muda gani? Kwetu hakuna chumba cha ziada na joto la Desemba unalijua.
*Msomaji, Lindi mjini*

Marahaba. Analala ndani ya mtego ule ule, uliosafishwa na kutandikwa magazeti mapya, na hatolewi humo mpaka siku ya kumrudisha. Stoo, ukumbi, hata banda lenye kivuli linafaa, mradi pawe kimya na mbwa wasifike. Mtego uwe juu ya meza au benchi, na miguu ya meza isimame ndani ya makopo ya maji. Sisimizi hufuata damu. Paka aliyelala hawezi kujikung'uta, na siafu wakimkuta mtakuta maiti.

Watu wa pwani hufikiria joto peke yake, lakini saa mbili tatu za mwanzo adui ni baridi. Paka aliye chini ya dawa ya usingizi hawezi kujipasha. Akilazwa kwenye saruji yenye unyevu au mbele ya feni, joto la mwili linashuka chini ya nyuzi 38 na usingizi unarefuka. Chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kanga mbili, iwekwe ubavuni, isimguse moja kwa moja. Alale ubavu, shingo imenyooka. Macho yatakuwa wazi, hiyo ni kawaida ya dawa, na daktari huwa ameyapaka mafuta yasikauke.

Akishainua kichwa na kuanza kugeuka, mambo yanageuka pia: sasa ni joto. Paka akihema mdomo wazi kama mbwa, ondoeni kitambaa, msogezeni penye hewa, mwageni maji sakafuni chini ya meza. Yeye mwenyewe msimmwagie, kidonda kitalowa.

Bakuli la maji lisiwemo ndani mpaka atembee bila kuyumba; paka mlevi wa dawa huangukia uso kwenye maji akafa kwa kina cha vidole viwili. Paka mkubwa apewe chakula baada ya saa sita hadi nane, robo ya kawaida yake. Mtoto wa chini ya miezi minne ni kinyume: haachwi na njaa zaidi ya saa nne kabla ya operesheni, na akiamka tu apewe kijiko cha samaki na mchuzi wake, vinginevyo sukari ya mwili inashuka na anazimika.

Saa mbili za kwanza mtazameni kila robo saa. Hesabuni mbavu zinavyopanda: ikiwa pumzi ni chini ya kumi kwa dakika, fizi zimekuwa nyeupe kama karatasi, damu inadondoka bila kukoma, au saa sita zimepita hajainua kichwa, piga simu kwa daktari hapo hapo.

Dume hurudi kesho yake asubuhi. Jike akae saa 24 kamili, na 48 ni bora zaidi. Kabla ya yote hayo, mwambie daktari mapema kwamba ni shume, ili ashone kwa uzi wa kuyeyuka na kuuficha chini ya ngozi. Uzi wa nailoni wa kutolewa siku ya kumi ni mzuri kwa paka wa nyumbani. Shume hamtamkamata mara ya pili kwa siku mnayoitaka.

Akiwa bado usingizini anachanjwa kichaa cha mbwa, kama ana miezi mitatu au zaidi, na ncha ya sikio la kushoto inakatwa mstari mnyoofu, kama sentimita moja kwa mkubwa, pungufu ya hapo kwa mtoto. Wengi huona ukatili. Lakini ukosi wa shingoni hunasa kwenye nyavu, wino hufutika, na tundu au mpasuko hufanana na majeraha ya ugomvi. Ncha iliyokatwa mnyoofu unaiona kutoka mita ishirini, na jike huyo hatapasuliwa tena tumbo na daktari mwingine kutafuta kizazi kilichokwisha kutolewa. Hilo la kumpasua mara ya pili ndilo ukatili hasa.

Mrudishe pale pale ulipomtoa, baada ya alfajiri kabla bodaboda hazijaanza, mlango ukielekea vichochoroni, mgongo kwa barabara. Mtego uoshwe kwa sabuni, kisha jiki kipimo kimoja kwa maji vipimo thelathini, uache dakika kumi, suuza, anika juani. Zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka maziwa ukitia majini zisiguse mtego, ni sumu kwa paka.

Baada ya kuhasiwa paka wetu alionekana kuumwa, tukampa nusu Panadol. Alikufa usiku. Ni dawa au ni operesheni?
*Msomaji, Masasi*

Pole sana. Bila kumchunguza hatuwezi kusema operesheni ilikwendaje, lakini nusu kidonge hicho peke yake kinatosha kumwua paka mzima. Ini lake halina njia ya kuivunja paracetamol, dawa iliyo ndani ya Panadol; damu inashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka kahawia, uso unavimba. Diclofenac nayo usimpe. Dawa ya maumivu ya paka hutolewa na daktari kwa sindano, siku ile ile ya operesheni.

Na kwa kuwa Masasi wapo wafugaji: dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe isitumike kuua viroboto vya paka, hata tone. Nyingi zina permethrin na jamaa zake, au amitraz. Ng'ombe na mbwa huzihimili; paka hutetemeka mpaka anakufa.

Tumemtega jike, daktari akasema ana maziwa. Vitoto hatujui viko wapi. Tumwachie au ahasiwe?
*Mama wa watoto wanne, Chuno*

Ahasiwe, mama, maana mkimwachia leo huenda mwezi ujao ana mimba tena na hatoingia mtegoni. Kuhasiwa hakukaushi maziwa. Ila awe wa kwanza mezani asubuhi, na arudishwe jioni ile ile akishaamka sawasawa, ndani ya saa 12 hivi. Daktari akiweza, ampasulie ubavuni badala ya katikati ya tumbo: vitoto havitakwaruza kidonda, na nyinyi mtakiona kwa mbali akipita. Mkimtoa, mmoja wenu amfuate kwa macho, atawaonyesha vitoto vilipo. Vikifika wiki nane na uzito wa kilo moja navyo vinahasiwa. Na chini ya wiki nane, vikishikwa kila siku, vinaweza kufugwa nyumbani. Maziwa ya ng'ombe yataviharisha. Samaki wa kupondwa ni bora.

Kwenye mkutano wa mtaa wamesema ni rahisi zaidi kuwapakia kwenye pantoni tukawaachie ng'ambo, Msanga Mkuu. Wengine wanasema sumu. Mnasemaje?
*Mjumbe, Mtwara mjini*

Kwanza muulizeni mwenyekiti wa Msanga Mkuu anasemaje.

Paka wako hapo kwa sababu chakula kiko hapo. Ukiwaondoa ukaacha chakula, nafasi inajazwa na wa mtaa wa jirani, ambao hawajahasiwa, na kwa kuwa sasa hakuna wa kugombania nao, vitoto vingi vinaishi. Waliovushwa nao wengi hufa njiani wakitafuta kwao.

Sumu haichagui. Samaki mwenye sumu huliwa na kuku, mbwa, kunguru, na mtoto anayeokota. Paka naye akifa darini mtamtafuta kwa pua. Aidha, ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, na mtaa usiombe kuwa wa mfano mahakamani.

Ameningata kidole nikimhamisha kutoka mtegoni. Ni vidoti viwili tu. Nifanye nini?
*Msomaji, Kilwa Masoko*

Sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma: maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kwa saa. Kisha hospitali, leo, kwa chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda, na mwambie daktari wazi kwamba ni paka asiye na mwenyewe. Chanjo ya kichaa hutolewa kwa awamu. Usikatishe kwa kuwa kidonda kimefunga. Paka akiwa bado ndani, msimwachie: akae ametengwa siku kumi chini ya macho ya daktari wa mifugo. Akibaki mzima siku hizo, hakuwa akiambukiza alipokung'ata.

Vidoti viwili ndivyo vya kuogopwa. Jino la paka ni jembamba kama sindano, linapeleka vijidudu hadi kwenye kano na juu panafunga. Kidole kikivimba na kuwa chekundu ndani ya siku moja, hiyo ni ya antibayotiki za hospitali, si chumvi na maji moto.

Na paka hahamishwi kwa mkono. Mitego miwili inakutanishwa mlango kwa mlango, wa pili unafunikwa kanga uwe giza, wa kwanza unaachwa bila kufunikwa. Atakwenda gizani mwenyewe.

Je, paka waliohasiwa wa pale ufukweni Msimbati hawatakula vitoto vya kasa?
*Mwenye nyumba ya wageni, Msimbati*

Watakula. Kuhasi kunazuia uzazi tu, makucha na hamu ya kuwinda vinabaki. Mtaani hilo ni faida, kwani mwenye ghala la korosho bado atapata mshika panya, ingawa panya buku hata paka humkwepa. Lakini penye mazalia ya kasa au ndege wa pwani, hasa ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kurudisha paka ufukweni ni kosa. Hapo waliozoea watu wapewe nyumba za kijijini baada ya kuhasiwa, jikoni pasiachwe mabaki, na mpango mzima ukubaliwe na ofisi ya hifadhi kabla mtego haujashuka.

Sheikh wetu ameuliza kama kumhasi paka ni kumbadilisha maumbile. Tumjibu nini?
*Kamati ya msikiti, Mikindani*

Hukumu ni yake, si ya gazeti. Sisi tunaweza kumpa anachohitaji kujua: jike hutolewa vifuko vya mayai, na mara nyingi mji wa uzazi pia, dume hutolewa korodani, vyote chini ya usingizi na dawa ya maumivu. Dume akiwa amekwishahasiwa anaweza bado kutia mimba kwa wiki kadhaa. Mwelezeni pia idadi ya vitoto mnavyoviokota vimekufa kwenye birika la udhu kila mwaka, maana atauliza.

Tunatega pembeni ya mashamba ya mikorosho huku Nachingwea. Asubuhi tumekuta mnyama mwenye madoa na mkia wa pete, si paka. Tena kuna mmoja kama paka lakini miguu mirefu. Tufanyeje?
*Kikundi cha vijana, Nachingwea*

Wa kwanza ni kanu, kwa maelezo yenu. Wengine hupata fungo au nguchiro. Inueni mlango wa nyuma kwa kamba mkiwa mbali, aende. Msimtie kwenye gunia.

Huyo wa miguu mirefu mtazameni nyuma ya masikio. Kama pana wekundu wa kutu, mwili una mistari hafifu, na mkia mwembamba una pete nyeusi na ncha nyeusi, huenda ni paka mwitu wa asili, ambaye ni mnyamapori na si wa kuhasi. Mpigeni picha mtego ukiwa umefungwa, mwachieni pale pale, picha mpeni afisa wanyamapori wa wilaya. Mkiendelea kutega hapo, mitego isogezwe kwenye nyumba, mita mia kutoka kichakani, na ifungwe usiku wa manane asipokuwepo mtu wa kuitazama.